Sebule Iliyorudishwa

Watu wa tamthilia walipokuja kuiomba nyumba, mume alikubali kabla mke hajarudi kutoka kazini. Mke alipofika alikuta mambo yameshakwisha, na mwanamke mrefu aliyevaa kofia ya kitambaa, mwongozaji wa tamthilia yenyewe, akipima upana wa sebule kwa hatua zake. Walichokitaka hasa kilikuwa dirisha. Lilikuwa kubwa, la upande wa mashariki, na mwanga wake wa asubuhi, kwa maelezo ya mwongozaji, haungeweza kuigwa na taa yoyote waliyokuwa nayo. Sebule, korido na chumba cha mbele vingekuwa vyao mpaka kazi iishe. Wenye nyumba wangehamia vyumba viwili vya nyuma, karibu na jiko, na mlango wa korido ungefungwa kila kamera zinapofanya kazi.

Mke aliuliza swali moja tu: vitu vya sebuleni vingekwenda wapi. Mwongozaji akamtoa wasiwasi. Vingehifadhiwa, na siku ya mwisho sebule ingerudishwa kama ilivyokuwa, hadi msumari. Alikuwapo binti wa kazi hiyo, mwembamba, kamera ndogo ikining'inia shingoni, ambaye wenzake walimwita Mwendelezo. Yeye ndiye aliyehakikisha kwamba kikombe kilichoshikwa kwa mkono wa kulia kabla ya chakula hakihamii wa kushoto baada ya chakula. Mwendelezo alipiga picha kila ukuta, kila rafu na kila kona ya sakafu. Ndipo vitu vikaanza kutolewa: makochi, mapazia, saa ya ukutani, na mwisho picha ya mtoto wao wa pekee, katika fremu nyeusi. Alikuwa amefariki miezi miwili nyuma kwa kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, mahali alipokuwa akijifunza uhandisi.

Mume alisimama mlangoni kuiangalia picha ikishushwa. Mke alimwangalia yeye. Aliyaona mabega yake yakilegea, kama ya mtu aliyetuliwa gunia, na hapo akaelewa kwa nini nyumba ilitolewa haraka vile.

Wote wawili waliishi kwa kutafuta kasoro. Mume alikuwa msahihishaji wa gazeti hadi gazeti lilipopunguza watu. Alisoma kila ukurasa kabla haujaenda mtamboni, kalamu nyekundu mkononi. Mke alikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, na siku yake ilipita jicho likiwa kwenye hadubini, akitafuta katika damu za watu kitu kisichopaswa kuwamo. Zamani walitaniana kwamba mtoto wao hatathubutu kudanganya, maana nyumbani kuna polisi wawili na mshtakiwa mmoja.

Tangu mtoto huyo azaliwe, waliitana kwa jina lake: Baba Fulani, Mama Fulani. Majina yao wenyewe yalibaki kwenye vitambulisho. Baada ya mazishi walikuta hawana la kuitana. Jina la mtoto halikutamkika, na yale ya ujanani yalisikika kama ya watu wengine. Basi ikawa "wewe", au "sikiliza", au kukohoa kidogo mlangoni. Kwa watu wawili katika vyumba viwili, hilo lilitosha.

Jambo moja ndilo lililokuwa limebaki. Jiwe la kaburi lilikuwa limeshakatwa na kung'arishwa, limeegemezwa ukutani kwenye uwanja wa mchonga mawe, tupu. Mume ndiye aliyesema, siku ya maziko, mbele ya ndugu, kwamba maneno aachiwe yeye, kwa kuwa maneno ndiyo kazi yake. Mchonga mawe alipiga simu mara kwa mara. Alikuwa mtu wa mizaha, na mizaha yake haikumwacha hata marehemu. Alimwambia mke kwamba jiwe linauliza litavaa lini, maana wenzake wote wameshavaa. Mke alimpa mume simu. Mume alisema wiki ijayo.

Mke hakutaka mengi. Alitaka waende pamoja, wasimame pale, jiwe liwekwe, mmoja wao aseme jina. Alifanya kazi na watu waliokataa majibu ya vipimo, akajua kwamba kukataa hakubadilishi kilicho kwenye kioo cha hadubini. Kunabadilisha tu siku ambayo mtu anaanza kutibiwa.

Sebule mpya ilikuwa ya tajiri. Kuta zilipakwa rangi ya krimu, makochi ya ngozi yakaletwa, na kwenye kona ikajengwa ngazi ya mbao yenye vidato sita iliyoishia juu kwenye ubao mweusi. Katika tamthilia ngazi hiyo ilielekea ghorofani. Mke alipoiona mara ya kwanza aliuliza watu wanaopanda wanafanya nini wakifika juu. Mpiga picha akamjibu, "Wanainama, mama. Wanangoja tuseme inatosha, halafu wanashuka."

Mzee aliyechukuliwa kucheza babu wa familia aliugua wiki ya kwanza. Hakuwa na maneno ya kusema. Alihitajika tu akae kwenye kiti karibu na dirisha, nyuma ya wanaozungumza, asome gazeti. Mwongozaji alipopita kwenye korido alimwona mwenye nyumba amekaa kwenye stuli mlangoni mwa jiko, anasoma gazeti. Hakutafuta tena.

Mwendelezo alitaka gazeti la kutumia, mume akamletea moja kutoka kwenye rundo lake. Mke alilitambua kwa picha ya ukurasa wa mbele, daraja lililozolewa na mafuriko. Lilikuwa la wiki moja kabla ya mtoto kuanguka. Asubuhi ile mtoto alisimama jikoni akisoma kwa sauti maelezo ya daraja, akicheka namna mwandishi alivyochanganya nguzo na mhimili, akimuuliza baba yake kama siku hiyo alisahihisha kwa macho au kwa pua. Kwa kuwa tamthilia yote ilipita katika siku chache za familia moja, gazeti halikuruhusiwa kubadilika. Mume alilisoma lile lile asubuhi hadi jioni, mwezi baada ya mwezi. Wafanyakazi walimbatiza Mzee Gazeti. Walimuuliza kama kuna habari mpya, akawajibu kwamba habari ni zile zile ila ukurasa wa saba amepata mkato mwingine uliokosewa. Walicheka. Naye alicheka, na mke, aliyekuwa akikuna nazi nyuma ya mlango, alisimamisha mkono kuisikiliza sauti hiyo. Hakuwa ameisikia tangu msiba.

Kijana wa nyumba ya kitajiri alichezwa na mwigizaji mchanga mwenye njaa ya kudumu, waliyemwita Bosi Mdogo. Alikuwa na tabia nzuri. Alimsalimia mke kila asubuhi, akamwomba radhi kwa kulala kwenye kochi na viatu, na akamwita mume "mzee wangu". Katika tamthilia aliingia kutoka nje, akatupa begi kwenye kiti, akapita nyuma ya babu na kumgusa bega. Mguso huo haukuandikwa popote. Bosi Mdogo aliuanzisha mwenyewe, mwongozaji akaupenda, na baada ya hapo ukawa sheria: kila anapoingia lazima aguse, bega la kushoto, vidole vinne. Mwendelezo alikuwa na picha yake.

Mke aliuona mguso huo kwenye televisheni, kama kila mtu. Tamthilia ilianza kurushwa wakati bado inapigwa, na kila Jumapili jioni wifi yake alikuja kuitazama. Alikuwa dada mkubwa wa mume, mshonaji mwenye sauti ya kuitia watu barabarani, na alijiona mama mzazi wa tamthilia nzima.

"Mtazame kaka yangu," alisema. "Hata kamera inamheshimu. Wewe wifi hukujua umeolewa na nyota."

Mke alimjibu kwamba nyota huyo hajaandika mistari miwili ya jiwe.

"Wifi, mwenzio amepata pa kupumulia. Mwache. Mawe yako yatamkuta tu."

"Si mawe yangu. Ni la mwanawe."

Macho ya mke yalikuwa kwenye skrini. Mbele, mama wa kitajiri alikuwa akilia juu ya hati ya shamba, na nyuma yake, katika ukungu wa kamera, Mzee Gazeti alifungua ukurasa. Bosi Mdogo akaingia. Begi, kiti, bega. Kabla mkono haujafika, mume aliinua bega kidogo kuupokea. Mtazamaji mwingine asingeliona hilo. Mke aliliona, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuona vitu vidogo, na akajua kwamba anashindana na kitu ambacho hawezi kukiondoa kwa kusema.

Bosi Mdogo akapata kazi nyingine, kubwa zaidi. Ilibidi mwandishi wa tamthilia, bwana mnene aliyeandikia kwenye meza ya plastiki uani, amtoe katika hadithi, naye akaamua afe kwa ajali ya gari. Kufikia hapo mume alikuwa amezoea kuzipitia kurasa zote kabla hazijagawiwa. Hakuna aliyemwomba, hakuvumilia tu kuona herufi zimekosewa. Mke alikuwa akianua nguo pale uani alipomwona anatoka na kurasa hizo, hana kalamu mkononi. Alimwambia mwandishi kwamba kijana hana haja ya kufa. Mwandishi alisema kifo ni rahisi, kinajaza sehemu tatu: habari, kilio, mazishi. Mume akasema safari inajaza zaidi: kuna barua, kuna simu, kuna kungoja. Mwandishi alitafakari, akakuna kitambi.

"Kweli," alisema. "Watu hawawashi televisheni waone yaliyoko nyumbani kwao. Basi tumsafirishe."

Jioni hiyo mume alikula chakula chote kilichokuwa sahanini, kisha akasema amepata nafasi nzuri huko anakokwenda, chuo kikubwa, nchi ya baridi. Mke aliuliza nani. Mume akamtazama kwa mshangao wa kweli na kusema Bosi Mdogo, nani mwingine. Mke alikusanya sahani. Kwa muda wote tangu mazishi alikuwa hajamsikia mume wake akizungumza juu ya kesho ya mtu yeyote.

Kesho yake alikwenda kwa mwongozaji, akamwomba amwondoe mume kwenye tamthilia. Hakueleza sana. Alisema wamefiwa na mtoto, na mume wake hana nafasi ya kulifahamu hilo akiwa kwenye kile kiti. Mwongozaji alisikiliza akiwa amevua kofia. Hakuwa mtu mbaya. Lakini alimwambia kwamba haiwezekani. Mzee ameonekana katika kila tukio la sebuleni, watazamaji wameshamzoea, wapo wanaouliza atazungumza lini. Akitoka sasa, chumba kitaonekana kina pengo na kila mtu ataliona.

Mke alisema pengo liko upande wa pili wa korido. Mwongozaji akavaa kofia yake, akasema pole, mama, na ilikuwa dhahiri kwamba pole hiyo ilikuwa ya kweli na haina kazi.

Hapo ndipo mke alipoyaandika maneno mwenyewe. Jina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufa, na chini yake: mtoto wa fulani na fulani, alicheka kwa sauti. Alimwekea mume karatasi mezani pamoja na kalamu nyekundu na kumwambia Jumamosi asubuhi jiwe linawekwa, wataondoka wote, na maneno haya yapite kwake kwanza.

Mume aliichukua karatasi, akaisoma kuanzia juu hadi chini, polepole, ncha ya kalamu ikienda chini ya kila herufi. Aliongeza mkato mmoja. Akairudisha na kusema iko sawa.

Zamani, walipokuwa wachumba, alimweleza siri ya kazi yake. Msahihishaji anayefuata habari hupitwa na makosa. Macho yake huona anachokitarajia. Kwa hiyo hujifunza kusoma herufi bila kusoma habari, na akizoea anaweza kupitisha tangazo la vita asijue nani kapigana na nani. Mke aliutazama mkato ule. Ulikuwa mahali pake hasa. Alijua kwamba mume wake amelisoma jiwe la mtoto wao kwa namna hiyo, na kwamba hajui kilichoandikwa.

Hata hivyo, Jumamosi mume aliamka, akaoga, akavaa koti la mazishi. Wifi alikuwa amefika na gari la kukodi, amejifunga kitambaa cheusi, hana mzaha hata mmoja. Mke alikuwa akifunga dirisha la jikoni pale Mwendelezo alipogonga mlango wa korido. Aliomba samahani mno. Bosi Mdogo amepita asubuhi hiyo tu, njiani kwenda uwanja wa ndege, na kuna tukio moja lake lililoharibika ambalo lazima lirudiwe. Jua limekaa sawasawa. Ni dakika chache. Mzee avue koti tu, wana shati lake la mistari tayari.

Mke alisema wanakwenda makaburini. Mwendelezo aliweka mkono mdomoni, hakujua. Alisema basi, ataenda kuwaambia. Lakini mume alikuwa ameshavua koti. Alilikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti.

"Nakuja sasa hivi," alisema. "Nitangulieni garini."

Walikaa garini. Dereva aliuliza kama azime injini, wifi akamwambia azime. Muda ulipopita, na mchonga mawe alipopiga simu kusema vijana wake wameshachanganya saruji na saruji haijui kungoja, mke alishuka. Aliingia kwa nyuma, akafungua mlango wa korido uliokatazwa kufunguliwa, akasimama kwenye kizingiti cha sebule yake.

Mume alikuwa dirishani, mgongo umegeukia mlango, gazeti wazi. Taa zilikuwa zinawaka. Hakuna aliyemwona mke kwa kuwa wote walikuwa wanaangalia kamera. Akamwita. Alitumia jina ambalo hakuwa amelitamka mwaka mzima: Baba, na jina la mtoto. Alilitamka kikamilifu, si kwa sauti kubwa, ila chumba kilikuwa kimya na kila mtu alisikia. Mpiga picha aligeuka, mwongozaji aligeuka, Bosi Mdogo aliyekuwa ameshika begi tayari kuingia aligeuka. Mume alifungua ukurasa.

Mke alingoja. Kisha, ili tu kujua, kama mtu anayerudia kipimo, akasema, "Mzee Gazeti."

Mume aligeuka mara moja. Alikuwa anatabasamu, kidole kimebaki kwenye mstari. Alipomwona ni yeye, tabasamu halikuondoka. Lilibaki pale lilipo, la adabu, la mtu anayeitwa na mgeni.

"Nimalizie hapa kwanza," alisema. "Kijana anaondoka."

Jiwe lilisimamishwa mbele ya mke, wifi na vijana wawili wenye koleo. Mchonga mawe mwenyewe alivua kofia na kwa mara ya kwanza hakupata la kutania. Wifi alilia kwa niaba ya watu wengi. Mke alisoma maneno yote kwa sauti, alipofika kwenye mkato akapumzika kama inavyotakiwa, kisha akamalizia. Saruji ilikuwa bado mbichi walipoondoka.

Tamthilia ilimalizika mwezi uliofuata. Mume alikwenda na wafanyakazi kwenye karamu yao ndogo, na mke akaenda kazini. Siku hiyo Mwendelezo na wasaidizi wake waliirudisha sebule. Walibomoa ngazi, wakapaka kuta rangi ya zamani, wakarudisha makochi, mapazia, saa, na picha ya mtoto kwenye msumari wake. Binti alifuata picha zake moja baada ya nyingine. Alikuwa fundi mwaminifu, na uaminifu wake ndio uliomponza. Katika picha ya kona ya mlango palikuwa na jozi ya viatu vya turubai, vya buluu, kimoja kimelalia ubavu. Alivitafuta kwenye vitu vilivyohifadhiwa, hakuviona. Akadhani vimepotelea mikononi mwa watu wake, akaona aibu. Akaenda kununua vingine vya aina hiyo hiyo, akavisugua kwa msasa, akavipaka vumbi la uani, akavichovya kwenye chai ili weupe wa kamba ufe, na kuviweka nyuma ya mlango, kimoja ubavu.

Viatu vyenyewe havikupotea. Vilikuwa vya mtoto. Mke alivihamisha vyumba vya nyuma mara baada ya sebule kupigwa picha, kisha akampa tarishi wa maabara, kijana mwenye mguu wa saizi hiyo. Mke alikuwa amezoea kuviona vikipita kwenye korido ya hospitali na bahasha za majibu. Adhuhuri ya siku ile vilikuwa vimepita tena, na tarishi alikuwa amelalamika kwamba cha kushoto kimeanza kuingiza maji.

Kwa hiyo alipofungua mlango wa mbele na kuviona, mke hakuwa na shaka hata kidogo kwamba sivyo. Alijua. Hata hivyo alikaa chini sakafuni, mkoba ukiwa bado begani.

Mume aliingia nyuma yake, anatoka kwenye karamu. Alisimama, akaitazama sebule kuanzia kushoto kwenda kulia, kama ukurasa. Macho yakafika nyuma ya mlango. Alisogea, akakisimamisha kile kiatu kilicholala kwa ncha ya mguu wake, akavipanga viwili sambamba, kama alivyofanya kila jioni kwa miaka.

"Huyu mtoto," alisema. "Hasikii."

Mwaka mzima mke alikuwa akingoja mume wake amtaje. Sasa alikuwa amemtaja, kwa sauti ya kawaida, ya baba aliyechoka na aliyeridhika, na ilitosha yeye anyamaze tu. Angeweza kuinuka na kupika. Wangeweza kula. Jambo hilo alilifikiria kwa uangalifu, aliliona lote, hadi asubuhi ya pili na ya tatu ya maisha ya namna hiyo. Kisha akachukua kiatu cha kushoto, akakigeuza, akamwonyesha soli.

"Si vyake," alisema. "Tazama. Kimesuguliwa kwa msasa, sawasawa kila mahali. Vyake viliisha kisigino upande wa nje. Hivi vimenunuliwa leo. Baba," na akasema jina, "mtoto amekufa. Jiwe lake lina mkato wako."

Mume alikichukua kiatu. Alikisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akakisoma kama anavyosoma, na hapakuwa na shaka kwamba ameliona kosa. Msahihishaji akishaliona kosa hawezi tena kutoliona. Alitazama juu, kwenye picha yenye fremu nyeusi, akaitazama muda mrefu. Mke aliinua mikono, bado amekaa chini, akidhani hatimaye anamwangukia. Mume alikirudisha kiatu mahali pake, kimoja ubavu, kama alivyokikuta, akapita kando yake na kwenda chumba cha nyuma.

Asubuhi alikuwa ameondoka. Alichukua mashati, na gazeti lenye daraja. Baadaye mwongozaji alipiga simu, kwa aibu kidogo, kumwarifu kwamba mzee yuko nao. Wanaanza tamthilia nyingine, mji mwingine, nyumba nyingine, na ameomba kukaa huko huko na wafanyakazi ili asisafiri kila siku. Mke aliuliza kama anakula. Mwongozaji alisema anakula vizuri sana. Mke aliomba azungumze naye. Zilisikika sauti za watu, kisha mwongozaji akarudi na kusema mzee yuko kwenye kiti, kamera zinakwenda, labda apige baadaye. Alipiga baadaye. Alipiga mara nyingi.

Sasa ni mwaka mwingine. Wifi haji tena Jumapili. Anasema hawezi kutazama. Mke anatazama. Hajui hadithi ya tamthilia hiyo inahusu nini, wala nani anamwoa nani, na sauti ameizima. Amevuta kiti hadi karibu na televisheni, karibu kuliko inavyoshauriwa, na jicho lake liko upande wa kushoto, nyuma ya bega la mwanamke anayelia, mahali ambapo kamera haikukusudia mtu atazame. Pale pana dirisha lisilo la kwao, na mtu mwenye shati la mistari, asiye na uso kwa sababu ya ukungu. Mlangoni anaingia kijana mwingine, mrefu kuliko yule wa kwanza. Mtu wa dirishani anainua bega.

Mke naye, kabla ya kukaa, huwa amevisimamisha viatu nyuma ya mlango. Anajua ni vya msasa na chai. Kila Jumapili kimoja huwa amekilaza ubavu mwenyewe asubuhi.